Kikwetu ni Kipi? Vitabu vya Kwanza vya Kusoma katika Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

Utangulizi

Sisi walimu wa fasihi katika shule za upili hukutana na msomaji akiwa ameshaundwa. Alipoingia kidato cha kwanza alikuwa na miaka minane ya kusoma nyuma yake, na tabia zake za kusoma zilikuwa zimekwisha kukomaa. Tunapomkabidhi riwaya teule katika kidato cha tatu tunashangaa kuona kwamba anaweza kuorodhesha lakini hawezi kusimulia. Ukimtaka aeleze jinsi mwandishi alivyoshughulikia ukabila, atakupa hoja saba zilizopangwa kwa nambari: kuna ukabila, kuna ufisadi, kuna umaskini. Mwulize ni kwa nini mhusika fulani alitenda alivyotenda, naye atanyamaza.

Makala haya yanashikilia kwamba sehemu ya kimya hicho ina historia, na kwamba historia hiyo imo katika vitabu vya madarasa ya chini: darasa la kwanza, la pili na la tatu. Tutatalii eneo la Nakuru na Bonde la Ufa la Kati kwa sababu huko swali la lugha ya kitabu cha kwanza lilikuwa gumu kuliko mahali pengi nchini Kenya. Vitabu hivi pia ni fasihi. Vina wahusika, mandhari na msimulizi, na vinastahili kuhakikiwa kwa mizani ileile tunayotumia kuhakiki riwaya.

Shule za mashambani

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Walowezi walipogawiwa ardhi ya Njoro, Molo, Rongai, Subukia na Naivasha, walihitaji vibarua, nao vibarua wakatoka kila upande: Wakikuyu, Wakipsigis, Wanandi, Waluhya, Waluo, Wakisii na wengineo. Mashambani na mjini watu hawa walielewana kwa Kiswahili, japo hakikuwa Kiswahili cha Lamu wala cha Mvita. Kilikuwa Kiswahili cha kazi, na kile cha mlowezi na kibarua wake kikapewa jina la Kisetla. Msemaji wake aliweza kusema "mimi hapana jua" naye akaeleweka vizuri kabisa.

Watoto wa maskwota walisoma katika mabanda yaliyoruhusiwa na mwenye shamba na kusimamiwa, mara nyingi, na misheni. Vifaa vilikuwa ubao, chaki, mchanga wa kuandikia kwa kidole, na vitabu vichache vya dini. Mtoto alisoma hadi msimu wa kuchuma pareto ulipofika, kisha akaitwa shambani.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kukagua na kuidhinisha vitabu vya shule. Jambo hili lilikisaidia Kiswahili kupata tahajia moja na vitabu vilivyoweza kusomwa kutoka Unguja hadi Kisumu. Hata hivyo, mtoto wa Njoro alipofungua kitabu hicho alikutana na lugha aliyoijua nusu. Maneno aliyatambua lakini sarufi ilikuwa ngeni kwake. Hapo ndipo mpasuko wa kwanza ulipotokea: Kiswahili cha kinywani kikawa kimoja na cha kitabuni kingine, na mwalimu akalazimika kuwa daraja.

Serikali ya kikoloni yenyewe haikuwa na msimamo wa kudumu. Mapema katika miaka ya 1950 tume ya Binns iliona ufundishaji wa Kiswahili kuwa kizuizi kwa lugha za mama na kwa Kiingereza pia, ikashauri kisifundishwe mahali ambapo si lugha ya wenyeji. Ushauri huo ungeweza kutekelezwa katika eneo la kabila moja. Katika shamba la Molo lenye watoto wa lugha nne au tano ulikuwa muhali.

Saa ya hadithi

Mwaka 1957 kilianzishwa Nairobi kituo maalumu cha kutafiti ufundishaji kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mbinu hiyo ilianza na watoto wenye asili ya Kiasia na mapema katika miaka ya 1960 ikaingia katika shule za Waafrika. Ilikuja na utajiri wa vifaa: chati, kadi za maneno, picha na viongozi vya mwalimu. Mwalimu wa darasa la chini aliyeyaona hayo hakuhitaji kuambiwa ni lugha gani iliyothaminiwa.

Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu mwanzo na kukitaka Kiswahili kifundishwe kama somo. Lakini ndani ya ripoti hiyo mlikuwa na pendekezo dogo ambalo wahakiki wa fasihi hawalitaji sana: kila siku katika madarasa matatu ya kwanza kiwepo kipindi cha kusimulia hadithi kwa lugha za mama. Tume iliyokipa Kiingereza ufalme ilitambua kwamba mtoto anahitaji hadithi, na kwamba hadithi huanza katika lugha anayoielewa.

Tujiulize: katika darasa la Nakuru mjini kipindi hicho kingeendeshwa kwa lugha ya mama ya nani? Mwalimu alikuwa na njia tatu. Angeweza kusimulia kwa lugha ya walio wengi na kuwaacha wachache wakiangalia dirishani. Angeweza kukitumia kipindi hicho kwa hesabu. Au angeweza kusimulia kwa Kiswahili, lugha ambayo sera haikuipa nafasi hiyo lakini watoto waliicheza nayo uwanjani kila siku. Aliyechagua njia ya tatu alikuwa akifundisha fasihi simulizi kabla haijapata jina hilo katika silabasi zetu.

"Kikwetu"

Taasisi ya Elimu ya Kenya iliandaa mfululizo wa vitabu vya kusomea kwa lugha zaidi ya 20 za Kenya, ukaitwa Tujifunze Kusoma Kikwetu. Mwaka 1976 ripoti ya Gachathi ilipendekeza madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha inayotawala eneo la shule, na penye mchanganyiko wa lugha kitumike Kiswahili. Kwa mwenyeji wa Nyeri au Bomet jambo hili lilikuwa bayana.

Hebu tulichambue anwani hilo kama tunavyochambua anwani ya riwaya. "Kikwetu" ni lugha au desturi ya kwetu. Neno hili linatanguliza "sisi" wenye mahali petu, na papo hapo linamzaa asiyekuwamo, yaani mwenye "kwao". Waandalizi hawakukusudia ubaya wowote. Walikusudia kumpa mtoto heshima ya lugha yake, na hilo ni jambo jema. Lakini Olenguruone, Molo au Njoro swali la "kwetu ni wapi?" halikuishia darasani. Katika mapigano ya 1992 na 1997 watu waliambiwa warudi "kwao", ilhali wengi wao walizaliwa pale pale. Neno "madoadoa", ambalo mtoto hulijua anapoelezwa ngozi ya chui, liligeuzwa likawa jina la majirani waliotakiwa kuondolewa.

Kwa hiyo uamuzi wa lugha ya darasa la kwanza katika eneo hili ulikuwa pia uamuzi wa nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Kitabu cha Kiswahili ndicho pekee ambacho hakikumfanya mtoto yeyote kuwa mgeni. Ni hasara kubwa kwamba kwa muda mrefu kitabu hicho hakikuandaliwa kwa ajili ya mtoto anayejifunza kusoma kwa mara ya kwanza. Kiswahili kilihesabiwa kuwa somo, na kusoma kukahesabiwa kuwa kazi ya lugha nyingine.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa cha lazima na cha kutahiniwa katika KCPE. Hadhi ilipanda na vitabu vikaongezeka. Lakini mtihani ulivuta kitabu upande wake. Sentensi za madarasa ya chini zikawa za kutaja: huyu ni baba, hii ni meza, mama anapika, baba analima. Zinafaa kufundisha ngeli na msamiati. Zikisomwa kama masimulizi, hazina mgogoro. Baba analima lakini hatujui mvua ilinyesha au haikunyesha. Wahusika ni bapa, na mandhari hayana jina. Mtoto aliyesoma hivyo miaka mitatu mfululizo amefundishwa kwamba kusoma ni kutaja vilivyomo. Mtahiniwa anayetuorodheshea "kuna ukabila, kuna ufisadi" anasoma riwaya kama alivyofundishwa kusoma "hii ni meza". Hii si sababu ya pekee, kwani sisi wenyewe tunampa miongozo yenye orodha zilizo tayari. Lakini mizizi iko huko chini.

Kutoka 2003 hadi 2008

Sera ya mwaka 1998 ilifungua soko la vitabu, na shule zikaweza kuchagua miongoni mwa vitabu vilivyoidhinishwa. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo. Idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na serikali ikatenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, 650 kati yake zikiwa za vitabu na vifaa vya kufundishia. Mwaka uliofuata, mjini Eldoret katika bonde hilohilo la Ufa, Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Mwezi wa Januari 2008 ghasia zilifika Nakuru, Naivasha na Molo. Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru ukageuka kambi ya maelfu ya waliofurushwa makwao. Mzee Maruge naye alikuwa miongoni mwa waliopoteza makao huko Eldoret. Nyumba ikiteketezwa, daftari na kitabu cha mtoto huteketea pamoja nayo.

Sasa tupige hesabu ya mwalimu. Mtoto aliyetakiwa kuanza darasa la kwanza Januari 2008 alifika darasa la nane mwaka 2015 na kidato cha nne mwaka 2019. Riwaya teule aliyotahiniwa katika KCSE ya mwaka huo ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyochapishwa mwaka 2014, ambayo inasimulia watu kama Ridhaa waliofurushwa makwao na kupoteza jamaa na mali baada ya uchaguzi. Baadhi ya watahiniwa wa Nakuru walikuwa wameiishi hadithi hiyo kabla ya kujua kusoma. Tuliwapa orodha ya maudhui wakaikariri. Ni wangapi kati yetu tuliowauliza watasimuliaje?

Mabadiliko ya karibuni

Mwaka 2011 utafiti wa shirika la Uwezo ulionyesha kwamba takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kazi ya darasa la pili. Wakati huohuo mradi wa majaribio wa kusoma na hesabu uliojulikana kama PRIMR ulikuwa ukiendeshwa katika maeneo machache, Nakuru ikiwamo. Mradi huo ndio uliozaa Tusome, ulioanza kote nchini mwaka 2015 katika Kiswahili na Kiingereza. Kila mtoto alipata kitabu chake, na mwalimu akapata kiongozi cha kila somo. Walimu wengine walilalamika kwamba kiongozi hicho kiliwafunga mikono. Hata hivyo, mtoto alitazamwa kama msomaji wa hadithi: aliangalia picha na anwani, akatabiri yatakayotokea, akasoma, kisha akapima utabiri wake. Hiyo ni hatua ya kwanza ya uhakiki.

Mtaala wa umilisi ulipoanza kote nchini mwaka 2019, suala la lugha ya eneo lilirejea katika gredi za kwanza. Mwalimu wa Molo yuko tena mbele ya swali la mwaka 1964.

Hitimisho

Historia hii inatuonyesha kwamba katika Bonde la Ufa la Kati, "kikwetu" cha watoto wote waliokaa dawati moja kilikuwa Kiswahili, lakini kitabu cha hadithi cha Kiswahili kwa msomaji anayeanza kilichelewa kufika. Pengo hilo lilizibwa na walimu waliosimulia bila kuagizwa. Mwalimu mwenzangu, kabla ya kumpa mtahiniwa mwongozo wa riwaya, mpe kwanza nafasi ya kusimulia sura moja kwa maneno yake, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila nambari. Nawe mtahiniwa, kabla ya kuandika "kuna ukabila", eleza ni nani aliyemtendea nani nini, na kwa nini. Ile saa ya hadithi iliyopendekezwa mwaka 1964 bado inaweza kufunguliwa, hata katika kidato cha tatu.

Maswali ya mjadala

1. Chagua kitabu chochote cha Kiswahili cha madarasa ya chini. Hakiki wahusika, mandhari na mgogoro wake.
2. "Anwani ya kitabu humtaja msomaji na humtenga mwingine." Jadili ukirejelea neno "kikwetu".
3. Simulia kisa kimoja kutoka riwaya teule unayoisoma kwa aya tatu, kisha ueleze maudhui yanayojitokeza katika kisa hicho.