Agizo au Oda? Istilahi za Mkufunzi wa Akili Unde

Mwaka 1958 Jay Forrester wa Marekani alionyesha kwamba badiliko dogo la mauzo dukani huzidi kukua kadiri oda zinavyopanda kuelekea kiwandani. Mwaka 1970 Jaime Carbonell alieleza SCHOLAR, programu ya kompyuta iliyofundisha jiografia kwa kuulizana maswali na mwanafunzi. Leo fani hizo mbili zimekutana: akili unde yaweza kumfundisha mtunza bohari usimamizi wa mnyororo wa ugavi. Lakini kwa Kiswahili kipi? Katika maandishi yetu 'agizo' ni amri ya mkubwa, tena ni ombi la kununua bidhaa. Mkufunzi akiyachanganya mawili hayo, kosa hilo dogo nalo litapanda na kukua. Hivyo twapendekeza 'agizo' libaki kwa amri, na 'oda' kwa bidhaa.