Watu Hufuata Mvua

Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu wanafunzi kwamba nchi yetu ni maskini kwa sababu watu wake wametawanyika. Hesabu ilikuwa upande wangu. Sensa ya 1967 ilipata watu wapatao milioni 12, yaani wastani wa watu 13 kwa kila kilometa ya mraba. Utawapelekeaje maji, shule na zahanati watu wanaoishi mbalimbali hivyo?

Mwalimu Nyerere alikwisha kulieleza jambo hilo mwaka 1962, na Novemba 1973 kuhamia vijijini kukawa amri. Mwaka 1974 nami nilisimama kwenye mkutano wa hadhara mkoani Dodoma, nikawaeleza wananchi faida za kukaa pamoja. Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, na mvua nayo itahamia?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nisimjibu.

Swali lile lilibeba jiografia yote niliyoisomea. Tangu zamani watu wetu wengi wamesongamana pembezoni mwa nchi: Kilimanjaro, Rungwe, Bukoba, Ukerewe. Hakuna aliyewaamuru, walifuata mvua na udongo mzuri. Kilimanjaro wakapata na jambo la tatu, njia ya soko. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wakaunda KNCU, chama chao cha ushirika. Kipato kilitokana na hayo yote kukutana, wala si kwa wingi wa watu peke yake.

Dodoma mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka. Huko kutawanyika hakukuwa ujinga, bali ni akili: shamba la huku likikauka, la kule huenda likapona. Tulipowakusanya, mashamba ya karibu yalichoka na kuni zikawa za mbali.

Sisemi kwamba vijiji havikuleta kitu. Watoto wengi walipata shule kwa sababu hiyo, nami ni shahidi. Lakini kumfikishia mtu huduma ni jambo moja, na kumwongezea kipato ni jambo jingine. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, mara 5 ya wale wa 1967. Utajiri wetu haukuja kwa kujazana tu.

Mzee yule alikwisha fariki. Jibu lake nilikuwa nalo siku ile ile. Nilichokosa ni ujasiri wa kulisema mbele ya watu.