Kaimu Aliyefungua Milango



Neno "kaimu" kwetu hubeba picha ya mtu anayelinda kiti cha mwenzake: hatii sahihi jambo zito, hagusi mipango, anangoja mwenye cheo afike. Henry Simmons Frieze, profesa wa Kilatini katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alikabidhiwa ukaimu wa mkuu wa chuo mara tatu, na ile ya kwanza haikufanana na picha hiyo hata kidogo.

Alizaliwa Boston mwaka 1817, akahitimu Chuo Kikuu cha Brown mwaka 1841, na mwaka 1854 akahamia Ann Arbor kufundisha Kilatini. Toleo lake la Aeneis ya Virgilio, lenye maelezo kwa wanafunzi, lilitoka mwaka 1860. Sisi tuliotolewa jasho na Virgilio seminarini twaijua thamani ya maelezo ya namna hiyo!

Mwaka 1869 mkuu wa chuo, Erastus Haven, alijiuzulu. James Angell, aliyeombwa kumrithi, alikataa. Ndipo Frieze akakabidhiwa ofisi. Januari 1870 Baraza la Wasimamizi lilitamka kwamba kila mkazi wa jimbo mwenye sifa zinazotakiwa ana haki ya kusoma pale. Tamko halikutaja wanawake, lakini kila mtu alielewa, kwa maana wasichana walikwisha kuomba nafasi tangu 1858 wakakataliwa. Mwezi uliofuata akaandikishwa Madelon Stockwell, msichana peke yake kati ya mamia ya wavulana. Kaimu mwoga angetafuta namna ya kuliahirisha jambo hilo hadi apatikane mkuu kamili.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kazi yake kubwa zaidi ilikuwa nyingine. Hapo awali kila mwombaji alipaswa kutahiniwa na walimu wa chuo kwanza. Frieze, aliyekuwa amesoma Ujerumani na kuona jinsi shule na vyuo vya huko vilivyofungamana, alishauri walimu wa chuo waende wenyewe kuzikagua shule za sekondari. Shule ikionekana imara, wahitimu wake wapokelewe kwa cheti chake tu. Hivyo shule ya umma, iliyojengwa kwa kodi za wananchi wa kawaida, ikawa njia halali ya kufika chuo kikuu. Na majimbo mengine yakaiga.

Mwaka 1871 Bunge la jimbo lilitoa dola 75,000 kwa jengo jipya la chuo. Mwaka huohuo Angell akakubali wito, naye Frieze akarudi kwenye Kilatini chake. Angell alipotumwa China na serikali yake, 1880 hadi 1882, na tena alipoitwa kwenye mazungumzo na Uingereza kuhusu uvuvi mwaka 1887, profesa alishika usukani, kisha akaurudisha.

Alifariki Desemba 1889. Alikuwa pia mpiga kinanda hodari, na kinanda kikubwa kilichonunuliwa kutoka maonyesho ya Chicago ya 1893 kilipewa jina lake. Baadaye jengo moja la chuo nalo liliitwa kwa jina lake, likabomolewa mwaka 2007. Kabla ya kununuliwa na chuo, jengo hilo lilikuwa shule ya sekondari ya umma ya Ann Arbor.