Historia ya Chama cha Makasia cha Cambridge na Deni la Bweni la Mirambo



Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike habari za masomo yangu ya ng'ambo, bila shaka alitazamia nieleze mambo ya utawala wa umma, kwani hayo ndiyo niliyotumwa kuyasomea na ndiyo yanayonipa mkate ofisini. Nimeona heri niandike habari za makasia. Sababu yake itajulikana mwishoni, ingawa wenzangu wa mwaka 1997 huenda wameshaanza kuikisia.

Nilikuwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, katika mwaka wa masomo wa 2014/2015. Mji ule hupitiwa na mto mdogo uitwao Cam. Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Victoria tukiuona mto ule hatuna budi kucheka, maana mahali pengine mtu hodari aweza kurusha jiwe likatua ng'ambo bila taabu. Hata hivyo, alfajiri baada ya alfajiri, katika baridi ya kukata masikio, vijana huwa majini. Mashua zao ni nyembamba kama ganda la mharagwe. Wapiga makasia wanane huketi wakiipa mgongo njia waendayo, na mshika usukani peke yake ndiye aonaye mbele. Hapo ndipo kasia linapotofautiana na kafi letu la mtumbwi: mwenye kafi hutazama aendako, mwenye kasia hana budi kumwamini mwenzake.

Asili ya chama

Chama cha Makasia cha Chuo Kikuu cha Cambridge kilianzishwa mwaka 1828. Kabla ya hapo koleji mbalimbali za Chuo zilikuwa na mashua zao, nazo zilikwisha kuanza kushindana zenyewe kwa zenyewe. Lililokipa chama jina duniani ni urafiki wa vijana wawili waliosoma shule moja ya sekondari, yaani Harrow. Mmoja, Charles Merivale, alikwenda Cambridge. Wa pili, Charles Wordsworth, ambaye alikuwa mpwa wa mshairi William Wordsworth, alikwenda Oxford. Baba yake Wordsworth alikuwa mkuu wa koleji ya Trinity huko Cambridge, kwa hiyo wakati wa likizo marafiki hao walikutana na kupiga makasia pamoja katika mto Cam. Ndipo wazo lilipozaliwa: kwa nini vyuo vyao viwili visishindane?

Mwezi Machi 1829 Cambridge walipeleka barua ya changamoto kwa Oxford. Tarehe 10 Juni mwaka huo mashindano yakafanyika Henley, katika mto Thames, na marafiki wale wawili wakaketi katika mashua mbili zinazopingana. Oxford walishinda kwa urahisi. Cambridge waliotoa changamoto ndio waliorudi nyumbani wameshindwa.

Katika shindano la pili, mwaka 1836, inasimuliwa kuwa Cambridge walifunga utepe wa rangi ya buluu hafifu katika omo ya mashua yao. Tangu hapo buluu hafifu ndiyo rangi yao, na buluu iliyokoza ni ya Oxford. Mwaka 1845 mbio zilihamishiwa sehemu ya Thames iliyo kati ya Putney na Mortlake, mwendo wa kilomita zipatazo 6.8, na kuanzia 1856 zimekuwa zikifanywa kila mwaka, isipokuwa wakati wa vita vikuu viwili na mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa UVIKO-19.

Mila za mtoni

Mto Cam ni mwembamba mno, mashua mbili haziwezi kushindana sambamba. Tangu miaka ya 1820 wanafunzi wamelitatua tatizo hilo kwa namna ya pekee. Mashua za koleji hupangwa moja nyuma ya nyingine, zikiachana kwa kiasi cha urefu wa mashua moja na nusu. Mzinga ukilia, kila mashua humfukuza aliye mbele huku ikimkimbia aliye nyuma. Anayemgonga wa mbele hubadilishana naye nafasi siku inayofuata. Mambo huwa hivyo kwa siku nne. Wanaogonga siku zote nne hurudi nyumbani wamejipamba vichwa kwa majani ya miti, na wanaogongwa siku zote nne husemwa kuwa wamepata vijiko. Niliwaona kwa macho yangu vijana waliopata vijiko wakila chakula cha jioni pamoja na waliowagonga, na hapana aliyenuna.

Mila ya pili ni sarafu. Kabla ya kushindana na Oxford, viongozi wa vyama viwili hurusha sarafu ya dhahabu ya mwaka 1829, na anayebahatika huchagua upande wa mto. Ya tatu ni heshima. Mwanafunzi aliyeiwakilisha Cambridge katika mbio hizo hupata cheo cha Bluu, na jina lake hudumu. Hapana zawadi ya fedha. Ni wanafunzi wa kawaida, wenye mitihani kama mimi nilivyokuwa na mitihani.

Lakini mila iliyonigusa kuliko zote ni hii: aliyeshindwa mwaka uliopita ndiye mwenye wajibu wa kumtolea mshindi changamoto ya mwaka unaofuata. Mshindi husubiri kuitwa, na anayemwita ni yule aliyemfunga.

Fikirini, ndugu zangu, maana yake. Kuanzia 1861 hadi 1869 Cambridge walishindwa miaka tisa mfululizo. Mara tisa iliwapasa kwenda kwa wale wale waliowafunga na kusema, tunaomba tena. Katika timu iliyoshindwa mwaka 1869 alikuwamo kijana aitwaye John Goldie. Hakukata tamaa. Mwaka 1870 aliiongoza mashua ya Cambridge ikashinda, ikashinda tena 1871 na 1872. Nyumba ya mashua ya chama, iliyojengwa mwaka 1882, ina jina lake, na timu ya akiba huitwa Goldie hadi leo. Karne moja baadaye, tangu 1976 hadi 1985, Oxford walishinda mara kumi mfululizo, na kila mara changamoto ilitoka Cambridge.

Yamekuwapo na mabaya zaidi ya kushindwa. Mwaka 1859 na tena 1978 mashua ya Cambridge ilizama. Mwaka 1912 mashua zote mbili zilijaa maji, ikabidi mbio zirudiwe. Na mwaka 1877 matokeo yalitangazwa kuwa sare, jambo ambalo Oxford hawakulimeza kwa urahisi. Walinung'unika, naam, lakini mwaka 1878 walikuwa mtoni tena.

Jahazi lililopanuliwa

Wako wanaodhani mila ni kitu kisichoguswa. Historia ya chama hiki yaonyesha vingine. Wanawake wa vyuo hivi viwili walishindana kwa mara ya kwanza mwaka 1927, tena bila kuruhusiwa kukimbizana: kila mashua ilipita peke yake, ikapimwa kwa mtindo na kwa kasi. Ilipasa kungojea hadi tarehe 11 Aprili 2015 ndipo wanawake waliposhindana siku ile ile na katika njia ile ile ya Thames kama wanaume. Nilikuwapo kando ya mto siku hiyo. Cambridge tulishindwa mara mbili, wanawake na wanaume. Mwaka uliofuata mashua ya wanawake wa Cambridge ilijaa maji kwa mawimbi, lakini walikataa kuacha, wakafika mwisho wakiwa wamekaa ndani ya maji. Mwaka 2017 walishinda. Mwaka 2018 Cambridge ilishinda kwa wanawake na kwa wanaume pia. Mwaka 2020 vyama vya wanaume na wanawake viliunganishwa kuwa kimoja.

Deni letu

Sasa nakuja nyumbani. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Mwaka 1997 nilipiga kafi katika mtumbwi wa Bweni la Mirambo dhidi ya Bweni la Mkwawa, siku ya mahafali, katika mitumbwi tuliyoazima kwa wavuvi. Tulishindwa. Tulisema Mkwawa wametugonga kwa makusudi, tukagoma kuwapa mkono. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kueleza kwamba Mirambo haitashindana tena na watu wa namna ile. Nilijiona shujaa. Mwaka 1998 mbio hazikufanyika, wala mwaka uliofuata, na waliokuja baada yetu hawakujua kwamba ziliwahi kuwapo. Rafiki yangu wa Mkwawa, ambaye tulitoka kijiji kimoja, tulikaa miaka mingi bila kusalimiana vizuri.

Ukweli ni kwamba hatukugongwa. Mshika usukani wetu alikosea njia, nami nilimwona.

Kwa hiyo, kama desturi ya Cambridge inavyomtaka aliyeshindwa, na kwa kuwa barua iliyoua mila hii niliiandika kwa mkono wangu, naandika nyingine. Bweni la Mirambo linatoa changamoto kwa Bweni la Mkwawa kushindana kwa mitumbwi siku ya mkutano wetu ujao. Kila mpiga kafi avae boya, na wasichana wa Kidato cha Tano ambao shule yetu sasa inawapokea wawe na mtumbwi wao siku hiyo hiyo na katika njia hiyo hiyo, wasingojee miaka themanini na minane. Wazee tutachanga fedha za kukodi mitumbwi. Mimi nimeanza.

Mkwawa, tunasubiri jibu lenu.