Semi-trela kuukuu: Mambo ya kuchunguza kabla ya kununua lori lako la kwanza

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MADEREVA wengi wa malori nchini, baada ya kuendesha mali za matajiri kwa miaka kumi au zaidi, hufikia uamuzi wa kununua gari lao wenyewe. Wafanyabiashara wadogo nao wanapoona misururu ya malori ikitoka Bandari ya Dar es Salaam kuelekea Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, huamini kuwa gari moja latosha kubadili maisha ya familia.

Kwa kuwa bei ya lori jipya ni kubwa mno kwa mtu anayeanza, wengi huangukia magari yaliyokwisha kutumika. Mengi ni vichwa vya Scania, Volvo, DAF na Mercedes-Benz vilivyofanya kazi Ulaya kwa miaka kadhaa kabla ya kuletwa nchini, au vilivyokwisha kupita mikononi mwa wamiliki wawili watatu wa hapa hapa.

Hakuna ubaya katika kununua gari kuukuu. Injini nyingi za aina hiyo hutembea zaidi ya kilomita milioni moja zikitunzwa. Kinachowaangusha wamiliki wapya ni kutoa fedha zao zote kununua gari, wakabaki mikono mitupu siku linapoharibika njiani kwa mara ya kwanza.

Bei ya gari si gharama ya gari

Chukua mfano wa mtu mwenye Sh100 milioni. Akinunua kichwa na tela kwa Sh95 milioni, atabakiwa na Sh5 milioni za bima, vibali, matairi, mafuta ya safari ya kwanza na posho ya dereva na utingo. Fedha hizo zitakwisha kabla gari halijapakia mzigo wa pili.

Matairi peke yake yanatosha kuonyesha ukubwa wa jambo hili. Kichwa chenye difu mbili kina matairi 10, na tela la ekseli tatu lenye matairi pacha lina 12. Jumla ni 22, bila kuhesabu ya akiba. Tukikadiria Sh500,000 kwa tairi moja, seti nzima ni Sh11 milioni. Muuzaji anayekabidhi gari lenye matairi yaliyokwisha amemwongezea mnunuzi deni ambalo halikuandikwa katika mkataba.

Kwa hiyo, anayeanza na asitumie zaidi ya theluthi mbili ya fedha zake kununua gari. Theluthi inayobaki ndiyo itakayolipia matengenezo ya awali na kuliendesha gari hadi malipo ya kwanza yatakapoingia. Malipo hayo huchelewa. Mawakala wengi wa mizigo hutoa sehemu ya nauli mapema, na salio hulipwa wiki kadhaa baada ya hati za kupokelewa mzigo kurejeshwa.

Anza na ekseli, si rangi

Kosa la pili ni kuchagua gari kwa sura yake. Jambo la kwanza la kuuliza ni gari litaruhusiwa kubeba kiasi gani, kwa sababu tani ndizo zinazoleta nauli.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, kiwango kinachofikiwa na gari la ekseli saba. Ekseli ya mbele inaruhusiwa tani 8, ekseli moja yenye matairi pacha tani 10, ekseli mbili zinazofuatana tani 18, na tatu za tela tani 24.

Hesabu yake ni rahisi. Kichwa cha difu mbili kikivuta tela la ekseli tatu kinaruhusiwa 8, 18 na 24, yaani tani 50. Kichwa cha ekseli mbili kikivuta tela hilo hilo kinaruhusiwa 8, 10 na 24, yaani tani 42. Hata ukiondoa uzito wa ziada wa difu ya pili, tofauti ya mzigo inabaki kuwa tani kadhaa katika kila safari, na itadumu maisha yote ya gari.

Vichwa vingi vya Uingereza vinapendwa kwa kuwa usukani wake uko kulia. Lakini vingi kati yake vina difu moja na ekseli ya ziada inayonyanyuka, mara nyingi yenye tairi moja kila upande. Ekseli ya namna hiyo hairuhusiwi uzito sawa na ile yenye matairi pacha. Mnunuzi asihesabu ekseli kwa macho tu, bali aangalie na matairi yake. Mizani za Vigwaza, Mikese, Makambako na Mpemba hazipokei maelezo ya muuzaji.

Gari lililotoka Ulaya bara nalo huenda lilikuwa na usukani kushoto kisha likageuzwa. Mnunuzi aulize kazi hiyo ilifanywa na nani, kisha fundi wake akague viungo vya usukani kimoja baada ya kingine.

Siku ya ukaguzi

Mnunuzi aende na fundi wake mwenyewe, asiye na uhusiano na muuzaji wala dalali, na amlipe ujira wake hata kama gari halitanunuliwa. Afike asubuhi na mapema, akimtaka muuzaji asiwashe gari kabla yake. Injini iliyokwisha pata moto huficha mengi.

Baada ya kuwasha, moshi ndio shahidi wa kwanza. Moshi wa buluu unaoendelea maana yake injini inakula oili. Mweusi mwingi huashiria nozeli mbovu, chujio la hewa lililoziba au tabo iliyochoka. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto waweza kuwa dalili ya maji kuingia ndani ya silinda. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au rejeta inayotoa mapovu, ni ishara ya ugonjwa huo huo.

Kisha kifuniko cha oili kifunguliwe injini ikiwa inanguruma. Upepo mkali ukitoka hapo, ringi na silinda zimelika na kazi ya kufungua injini iko karibu.

Breki za upepo nazo zina kipimo chake. Mitungi ijazwe hewa, injini izimwe, na watu wasikilize kimya kimya. Mshale wa upepo ukishuka upesi, kuna mahali panapovuja. Chini ya gari, fundi achunguze chesisi kama ina nyufa au imeunganishwa kwa kuchomelewa, hasa karibu na sahani ya kuunganishia tela. Tela likaguliwe kwa makini yale yale, kwani wengi hulisahau.

Umri wa matairi umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno marefu na bado likapasuka kwa uzee.

Magari ya miaka ya karibuni yana jambo jingine, nalo ni umeme. Mengi ya kiwango cha Euro 5 hutumia AdBlue, maji maalumu yanayosafisha moshi. Mfumo huo ukiharibika, gari hupunguza nguvu lenyewe, na wamiliki wengine huufunga kienyeji. Fundi umeme aunganishe kompyuta na kusoma kumbukumbu za hitilafu. Taa ya onyo ambayo haiwaki kabisa ufunguo unapowashwa nayo itiliwe shaka, kwa sababu huenda imeng'olewa.

Mwisho, gari lijaribiwe likiwa na mzigo. Kichwa kitupu hupanda kilima chochote, lakini mlima kama Kitonga, barabara ya Iringa, hukipima kikiwa kimebeba tani zake.

Mafuta hula faida kimya kimya

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni kiasi cha kilomita 920. Gari zito lililobeba mzigo hutembea takriban kilomita mbili hadi mbili na nusu kwa lita. Tuseme linakwenda kilomita 2 kwa lita likiwa limepakia na 3 likirudi tupu. Safari ya kwenda na kurudi itahitaji karibu lita 770. Kwa bei ya mfano ya Sh3,000 kwa lita, hizo ni Sh2.3 milioni.

Gari zima linalotembea kilomita 2.4 kwa lita likiwa na mzigo litaokoa karibu lita 77 katika kwenda tu, sawa na Sh230,000. Kwa safari mbili kila mwezi, tofauti hiyo inazidi Sh5.5 milioni kwa mwaka. Kichwa kilichouzwa kwa punguzo la Sh5 milioni kwa sababu ya nozeli mbovu kitakuwa kimelila punguzo hilo ndani ya mwaka mmoja. Wazee walisema rahisi huvunja upishi.

EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na mmiliki anapaswa kuzisoma kabla ya kukubali nauli, si baada ya kupakia.

Karatasi

Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na iliyo kwenye kadi, na jina la muuzaji lilingane na kitambulisho chake. Muuzaji akionyesha nakala tu ya kadi, mnunuzi aulize kadi halisi iko wapi. Mara nyingi iko benki kwa dhamana ya mkopo, na gari hilo haliwezi kuuzwa kihalali bila benki kuridhia. Madeni ya faini za barabarani yaangaliwe katika mfumo wa polisi, na umiliki uhamishwe TRA mapema.

Wapo wanaonunua kwa kulipa kidogo kidogo huku muuzaji akishikilia kadi. Katika mapatano hayo, mkataba uandikwe mbele ya wakili na useme wazi kitakachotokea gari likipata ajali, au mnunuzi akichelewesha mwezi mmoja. Bila hivyo, aweza kunyang'anywa gari alilokwisha lipia sehemu kubwa.

Gari la mizigo ya biashara linahitaji pia leseni ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Likivuka mpaka, litahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya madhara kwa watu wengine. Kadi hiyo haifidii gari lenyewe wala mzigo. Kampuni nyingi za bima husita kutoa bima kubwa kwa gari la umri mkubwa, hivyo swali hilo liulizwe kabla ya kununua.

Safari za mwanzo

Safari za Kongo zina nauli nene, lakini foleni za Tunduma na Kasumbalesa zaweza kulilaza gari kwa siku nyingi, ingawa kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019. Likiharibika Zambia, fundi na vipuri vitalipiwa kwa fedha za kigeni.

Ni busara mmiliki mpya akaanza na mizigo ya ndani, kama saruji, mbolea au mahindi, kwa miezi michache. Nauli ni ndogo, lakini gari likionyesha maradhi yake litakuwa karibu na nyumbani.

Dereva mwenye leseni ya daraja E anayeendesha gari lake mwenyewe huokoa mshahara. Hata hivyo, anahitaji mtu mwaminifu mjini wa kutafuta mizigo na kufuatilia malipo, kwani hawezi kuwa Makambako na ofisini kwa wakala kwa wakati mmoja.

Na kila safari iandikwe daftarini: nauli, mafuta, posho, tozo na matengenezo, pamoja na kiasi kinachotengwa kwa ajili ya matairi na injini. Mmiliki asiyetenga fedha hizo huziona kuwa faida, huzitumia, kisha hulazimika kukopa gari linapokwama.