MAHENGE CHINI YA BUNDUKI: Jinsi bonde la Kilombero lilivyotawaliwa na wanajeshi wa Mjerumani



Leo naweka hapa mambo ya historia ya kwetu, maana kila nikiingia mtandaoni kutafuta habari za Ifakara naletewa mchele, malaria na treni ya TAZARA. Ni sawa, lakini sisi tuna habari kubwa kuliko hizo.

Ukivuka Daraja la Magufuli (lilifunguliwa 2018, kabla yake ilikuwa ni kivuko na roho mkononi), ukaendelea kupanda mlima, jumla kama kilomita 70 hivi kutoka Ifakara, unafika Mahenge. Enzi za Mjerumani, amri zote kubwa zilizogusa bonde hili zilishuka kutoka mlima ule. Na aliyezitoa hakuwa mkuu wa wilaya wa kiraia. Alikuwa mwanajeshi, kamanda wa kombania, mwenye bunduki na askari wake. Mpaka mwaka 1914, wakati wilaya nyingine za Tanganyika zilikuwa zimeshakabidhiwa kwa maofisa wa kiraia, zilibaki mbili tu chini ya jeshi: Iringa na Mahenge. (Bukoba, Rwanda na Burundi zilikuwa na mpango wao, kule Mjerumani aliweka mwakilishi juu ya wafalme wa huko.) Sisi tulikuwa kwenye zile mbili.

Shuleni Maji Maji tulifundishwa hivi: Waafrika wote upande huu, Mjerumani upande ule, maji yakashindwa na risasi, kipindi kimeisha. Kwa Matumbi labda inatosha. Kwa Kilombero haitoshi hata kidogo, kwa sababu huku jirani alimpiga jirani. Ilikuwa vita ya kumkataa mkoloni, na wakati huo huo ilikuwa vita ya wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana naona wazee wengi wanaipita juu juu.

NANI ALIKUWA WAPI

Kabla ya Mjerumani bonde hili halikuwa na mwenyewe mmoja. Wandamba walikuwa watu wa mto, mitumbwi na samaki. Wapogoro walikaa zaidi milimani Mahenge na pembezoni mwake. Wambunga, ambao asili yao inahusiana na zile safari za Wangoni kutoka kusini, walikuja karne ya 19 wakakamata upande wa Ifakara na Kiberege. Juu zaidi kwenye bonde walikuwepo Wabena wa Ulanga, chini ya ukoo wa Kiwanga. (Ulanga na Kilombero ni mto ule ule, msichanganyikiwe.) Na juu ya wote, kule Uhehe, alikuwepo Mkwawa, ambaye watu wake walikuwa wakishuka bondeni kuteka watu na mali.

Hapo ndipo Mjerumani alipopata mlango. Tarehe 17 Agosti 1891 Mkwawa alimpiga Zelewski pale Lugalo, kila mtu anaijua hiyo. Mjerumani akarudi, akabomoa Kalenga Oktoba 1894, mwaka 1896 Tom von Prince akaanzisha boma la Iringa, na Mkwawa akawindwa porini mpaka akajiua mwaka 1898. Katika hayo yote Mjerumani hakuwa peke yake. Machifu waliochoshwa na Wahehe waliungana naye, Merere wa Usangu mmoja wao, na huku kwetu Kiwanga.

Naomba tusikimbilie kumwita Kiwanga msaliti. Yeye hakukaa akachagua kati ya "Afrika" na "Ulaya". Alikuwa na adui aliyemfahamu kwa jina, anayekuja na mikuki kila akitaka, na akatokea mgeni mwenye bunduki anayempiga adui huyo huyo. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kosa, kama ni kosa, ni kwamba yule mgeni hakuondoka.

UTAWALA WA BOMA

Jeshi la koloni liliitwa Schutztruppe. Maofisa walikuwa Wazungu wachache sana, askari walikuwa weusi: Wanubi kutoka Sudan, Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma na wengine. Kombania ya 12 ndiyo ilikuja kuwa na makao yake Mahenge.

Sasa kamanda wa kombania alikuwa nani kwa mwananchi? Alikuwa kila kitu. Ndiye polisi, ndiye hakimu, ndiye mtoza kodi, ndiye bwana barabara. Shauri lako la ng'ombe au la mke linaamuliwa na mtu aliyesomea kupiga vita. Adhabu iliyokuwa midomoni mwa watu ni ile "hamsa ishirini", yaani viboko 25 vya kiboko. Sheria ya mwaka 1896 ndiyo iliyoweka kikomo hicho cha 25 kwa mkupuo mmoja, na sheria hiyo hiyo ikasema Waarabu na Wahindi wasichapwe. Mwafrika ruksa. Yaani ubaguzi uliandikwa kabisa kwa wino.

Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kijijini. Rupia utaipata wapi bondeni? Uuze mpira wa porini, nta, mchele, au ukafanye kazi. Usipokuwa nayo, unalipa kwa jasho, unalima barabara au unabeba mzigo wa boma. Chini ya kamanda walikuwepo majumbe, na jumbe aliyeshindwa kuleta kodi au watu wa kazi alikuwa anajua kinachomsubiri. Ndiyo ujanja wenyewe: mwananchi anamchukia jumbe wake, anamchukia askari mweusi mwenzake, na Mzungu mwenyewe anamuona kwa mbali tu.

Kingine, boma lilihitaji marafiki. Askari 60 hawawezi kushika nchi ya milima, mafuriko na nyika kubwa kama hii. Kwa hiyo kila ugomvi wa zamani ulikuwa mtaji. Chifu rafiki anasikilizwa shauri lake, chifu mkaidi anaongezewa mzigo.

AGOSTI 1905

Moto uliwashwa Matumbi mwishoni mwa Julai 1905, watu walipong'oa pamba ya lazima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini maji yalishasambaa. Yalipanda na njia za Rufiji, na mto wetu unaishia Rufiji, hivyo habari haikuchelewa kufika. Mwezi huo huo wa Agosti kituo kidogo cha askari pale Ifakara kilivamiwa na askari wake wakauawa. Yes, hapa hapa tunapokunywa chai.

Mahenge zilikuja nguvu mbili kubwa, Wapogoro na Wambunga. Watu hawa siku za nyuma hawakuwa marafiki sana, Wambunga walikuwa wavamizi wa bonde. Maji yaliwafanya wakubaliane kwa muda. Ndicho kinachonishangaza zaidi katika habari hii yote, kuliko hata mapigano yenyewe: kodi, kiboko na kazi za lazima vilikuwa vimewaunganisha watu ambao Mjerumani alitegemea wabaki wamegawanyika.

Boma lilikuwa chini ya Kapteni von Hassel, na askari wapatao 60 pamoja na mamia ya wasaidizi wenyeji. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji walipanda kulivamia. Ndani ya boma kulikuwa na bunduki mbili za rashasha, wazee walikuwa wanaziita bombomu. Makundi mawili ya wapiganaji hayakufika kwa pamoja, na hilo liliwagharimu sana. Kundi la kwanza lilisonga kwa mistari mpaka karibu kabisa, likalimwa risasi. La pili likaja nyuma yake, likakuta hali ile ile. Waliokufa siku hiyo ni mamia, kwenye uwanja ambao unaweza kuuvuka kwa dakika chache.

Boma halikuanguka, lakini lilizingirwa. Lilikuja kuokolewa Septemba na Kapteni Nigmann kutoka Iringa. Na Wahehe je? Miaka saba tu baada ya Mkwawa kufa, Wahehe hawakuingia Maji Maji. Walikuwa wameshaonja. Sasa weka pamoja picha hii: ndani ya uzio wapo wenyeji wasaidizi, nje wapo wenyeji wanaouvamia, Uhehe umekaa pembeni, na Wabena wa Kiwanga wako na boma. Kiwanga mwenyewe aliuawa katika vita hiyo akipigana upande wa Mjerumani. Waliomuua walikuwa Waafrika wenzake wa huku huku.

NJAA KAMA SILAHA

Baada ya Mahenge wapiganaji waliacha kuvamia maboma, wakaingia msituni. Jeshi halikuwa na watu wa kutosha kuwafuata, likafanya hesabu nyingine. Kapteni von Wangenheim, ofisa aliyekuwa vitani huku kusini, aliripoti mwaka 1905 kwamba mapigano peke yake hayatamaliza kazi, njaa na dhiki ndivyo vitakavyowafanya watu wasalimu amri. Na ndivyo ilivyofanyika. Mashamba yalichomwa, maghala yakabebwa au kuteketezwa, watu wakazuiwa kulima mpaka wasalimu amri na kutoa silaha.

Hesabu ya Wajerumani wenyewe kwa eneo lote la vita ni vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee miaka ya 1960, alifika 250,000 mpaka 300,000. Upande wa pili walikufa Wazungu 15, askari 73 na wasaidizi wenyeji 316. Angalieni hiyo namba ya mwisho. Hata kwa upande wa Mjerumani, aliyekufa alikuwa mweusi.

Wengi kwenye ile hesabu kubwa hawakufa kwa risasi. Walikufa nyumbani, miezi baada ya bunduki kunyamaza, watoto na kina mama wakiwemo. Mashamba yakageuka pori, na pori likaleta tembo, simba na mbung'o. Tukiona leo nyika kubwa mashariki yetu, ile iliyokuwa Selous na tangu 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, watalii wanaambiwa ni pori la asili. Sehemu zake watu walilima, wakazika wazee wao humo.

KWA NINI JESHI HALIKUONDOKA

Vita ilipoisha mwaka 1907 kule Ujerumani kulikuwa na kelele, bunge liligombana kuhusu makoloni. Gavana von Götzen alishaondoka 1906, akaja Rechenberg, raia, mwenye mawazo ya kupunguza kiboko na kumwacha mkulima auze mazao yake. Wilaya kadhaa zikaona nafuu kidogo. Mahenge ikabaki kwa kamanda.

Sababu mimi naziona mbili. Ya kwanza ni hofu, boma lilishawahi kukaribia kuanguka. Ya pili ni umbali. Reli ya kati ilijengwa 1905 mpaka 1914 kutoka Dar mpaka Kigoma, ikapita Kilosa, sisi tukaiona kwa darubini. Mpira wa porini ulibebwa kichwani kutoka huku mpaka bei yake ilipoanguka duniani mwaka 1913. Mahali pasipo na reli, serikali ilifika kwa miguu ya askari na mabega ya wapagazi, basi.

Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Baada ya Tabora kuanguka Septemba 1916, jeshi la Mjerumani la magharibi lilirudi nyuma mpaka Mahenge, chini ya Wahle na Kraut, baadaye Tafel. Walichagua huku kwa sababu ya milima, mto, na chakula. Mchele wetu huu tunaojisifia ndio uliolisha jeshi. Maelfu ya midomo ikakaa juu ya wakulima ambao miaka kumi tu nyuma walikuwa wameteketezwa na njaa, na wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo, na pande zote. (Mnaokaa Dar, Kariakoo inatokana na jina la jeshi la wapagazi wa Mwingereza.)

Wabelgiji na askari wao wa Kongo walishuka kutoka kaskazini, wakavuka mto, wakaingia Mahenge tarehe 9 Oktoba 1917. Tafel akakimbilia kusini akitafuta kuungana na Lettow-Vorbeck, wakapishana, akasalimu amri karibu na mto Ruvuma tarehe 28 Novemba 1917. Kwa hiyo aliyemtoa kamanda wa kijeshi Mahenge alikuwa ni jeshi jingine. Waingereza ndio walioleta ofisa wa kiraia, na wao wakaendelea kuutambua ukoo wa Kiwanga.

Songea wana makumbusho na kaburi la mashujaa walionyongwa Februari 1906, na wanawakumbuka kwa majina. Sisi majina ya waliokufa chini ya boma la Mahenge hatuna, wala ya waliokuwa ndani. Kama una babu au bibi Ifakara, Kiberege, Mahenge au Malinyi aliyesimuliwa na wazazi wake, muulize upande wao walikuwa wapi, halafu tupia hapo chini kwenye maoni. Upande wowote ule, hatutakucheka.