Kipaza Sauti au Kikuza Sauti? Historia ya Saketi Moja na Istilahi Zake, kwa Kurejelea Kituo cha Matangazo cha Kigali

Makala haya yanafuatilia historia ya kifaa ambacho Kiswahili kimekitegemea kwa miongo mingi bila kukipa jina lililotulia, yaani saketi inayokuza nguvu ya mawimbi ya sauti. Mfano tunaoutumia uko hapa Kigali. Mwaka 1965 Deutsche Welle, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1963, ilifungua mjini humu kituo cha kurushia matangazo ya masafa mafupi, kikaendelea hadi Machi 2015. Kwa nusu karne, sauti zilizosomwa studio nchini Ujerumani zilirushwa upya kutoka Rwanda.

Mitambo ya kituo hicho ilifikia kilowati 250 kila mmoja. Wimbi la nguvu hiyo likibebeshwa sauti kikamilifu kwa njia ya kubadili ukubwa wake, sauti yenyewe hudai nusu ya nguvu ya wimbi, yaani kilowati 125. Katika usanifu wa jadi, nguvu hiyo hutolewa na amplifaya ya vali. Amplifaya ya ukumbini na ile ya mtambo wa redio ni ndugu. Tofauti kubwa ni kimo.

Vali ya kukuzia ilibuniwa na Lee de Forest mwaka 1906, na tangu hapo swali la wasanifu limekuwa joto. Katika daraja A vali hupitisha umeme muda wote, na ufanisi wake hauzidi asilimia 50. Kilowati 125 za sauti zingehitaji kilowati 250 za umeme, na mahitaji hayo yasingepungua hata msomaji wa habari akinyamaza. Daraja B hugawa kazi: vali moja hushughulikia nusu ya juu ya wimbi, nyingine nusu ya chini. Ufanisi wa kinadharia hupanda hadi asilimia 78.5, na mahitaji hushuka hadi takriban kilowati 159. Gharama yake ni mkwaruzo pale vali zinapopokezana, ndiyo maana daraja AB huziacha zote mbili zikipitisha umeme kidogo penye makutano. Dawa nyingine, mrejesho hasi, ilimjia Harold Black mwaka 1927 akivuka Mto Hudson kwa kivuko. Aliichora juu ya gazeti alilokuwa nalo. Transista zilipoingia, H. C. Lin alichapisha mwaka 1956 mpangilio ambao vizazi vya amplifaya vimeurithi.

Tugeukie lugha. Kitenzi *paza* ni cha sauti ya mtu, na *kipaza sauti* hutajwa kwa maikrofoni iliyo mkononi mwa mzungumzaji na pia kwa spika iliyo juu ya mlingoti. Vifaa hivyo viwili vimekaa kwenye ncha mbili za mnyororo mmoja. Kile cha katikati, amplifaya, mara nyingi hakitajwi. *Kikuza sauti* ni bora, ingawa nacho kinapotosha kidogo, kwani wimbi dogo halikui. Hutoa amri tu, na nguvu yenyewe hutoka kwenye chanzo cha umeme. Kwa maoni yangu upotofu huo unavumilika, maana mafundi hawatasubiri istilahi kamilifu. Tayari wanasema *amplifaya* na *spika*, na sioni sababu ya kuwapinga.

Jambo hili lina uzito wa kisera. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na hati za zabuni zinaweza kuandikwa kwa lugha hiyo. Hati inayoagiza "vipaza sauti ishirini" humruhusu muuzaji kuleta maikrofoni ishirini, spika ishirini, au mchanganyiko wowote autakao, na mnunuzi hatakuwa na neno la kumshtaki nalo. Ninapendekeza Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isanifishe *maikrofoni*, *kikuza sauti* na *spika* kwa pamoja, na *kipaza sauti* kiachiwe mazungumzo ya kila siku.